Kulaza Maji ya Mto Ngong kwenye Pipa Hakuondoi Dawa

Mama mmoja anayelima sukuma wiki Njiru, Nairobi, alinichotea maji ya pipa kwa bilauri akayainua juani. "Afisa, ona, yamekuwa kama ya mfereji." Yalikuwa yamelala siku mbili, na kweli yaling'aa. Nilipomwambia asiyamwagilie mboga, alinitazama kama mtu aliyekuja kumpokonya shamba.

Mapipa hayo nayaona kila ninakopita kando ya mto. Kulaza maji kuna kazi yake: tope hushuka, na mayai ya minyoo hushuka nalo yakiachwa siku moja hadi tatu bila kukorogwa. Dawa za hospitali ni habari nyingine. Mto Ngong hupita Eneo la Viwanda, hupokea majitaka ya mitaa ya mabanda ya Mukuru, ndipo ukaungane na Mto Nairobi. Watafiti waliopima mito hii wamekuta antibiotiki, dawa za kupunguza makali ya ukimwi, na karbamazepini, ile ya kifafa. Nyingi hutokana na mkojo wetu wenyewe, tusiwasingizie wenye viwanda kila kitu. Karbamazepini hubaki majini, haishuki na tope, na hata mitambo ya kusafisha majitaka hushindwa kuiondoa. Mzizi huinyonya, maji yakapanda na kuvukizwa, yenyewe ikabaki kwenye jani. Na sukuma tunakula nini kama si jani?

Siprofloksasini, mojawapo ya antibiotiki, hung'ang'ania tope. Mama yule alikuwa akikwangua tope la chini ya pipa na kulichanganya kwenye kitalu, eti mbolea ya bure. Hapo nilipandisha sauti, sikatai.

Kuchemsha na klorini huua vijidudu, lakini usizitegemee kuondoa dawa. Kuchota alfajiri pia hakusaidii. Viwandani dawa hutengenezwa kwa awamu na mitambo husuuzwa awamu ikiisha, kwa hiyo maji ya leo hayakwambii lolote kuhusu ya kesho.

Simaanishi kwamba fungu la mboga ni sawa na kumeza kidonge. Kiasi kilichomo kwenye jani ni kidogo mno. Hofu ni bakteria wanaooga antibiotiki kila siku mpaka wakaizoea, isiwaue tena. Kule Patancheru, India, utafiti wa 2007 ulikuta hadi miligramu 31 za siprofloksasini kwa lita katika maji yaliyotoka kwenye mtambo wa kusafisha majitaka ya viwanda vya dawa, kiwango kinachopita kile cha damu ya mgonjwa anayetibiwa.

Sasa vipimo, na tafadhali tumia futi ya kupimia, si macho. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zilikataza kulima ukingoni, ukanda wa upana usiopungua mita 6 wala kuzidi 30, ukipimwa kutoka pale mafuriko makubwa kabisa yalipofika. Mnapima kutoka maji ya kiangazi yalipo! Hapo hamjapima kitu.

Maji tafuta juu ya bati. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati la mita 4 kwa 6, mvua ya milimita 20, ni lita 480; toa sehemu ya tano inayopotea, zibaki kama 380. Ndoo ya kwanza ya lita 20 imwage, ina mavi ya ndege. Kiangazi mboga hutaka lita 5 kwa mita ya mraba kwa siku, kwa hiyo kitanda cha mita za mraba 8 kitapata maji siku 9. Tandaza nyasi kavu sentimita 5, zisiguse shina. Pipa la zamani lisugue kwa sabuni kabla ya kukinga mvua.

Udongo chini ya nyasi ukiwa na unyevu saa nane mchana, umefaulu.

Kama huna maji mengine ila ya mto, otesha miche ya miti au maua, na uvae glavu na gambuti. Ukiona maji yamegeuka rangi au yana povu na harufu ya kemikali, piga picha, andika saa na mahali, uwaarifu NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, siku hiyohiyo. Ukingoja kesho, yatakuwa yameshafika Mto Athi.