Foronya za Alamsiki na Binuru: kudarizi na kufuma kroshia nyumbani wakati wa masika

Masika yakishaingia hapa Tanga, kati ya Machi na Mei, ziko siku ambazo mvua huanza kupiga bati alfajiri na isinyamaze hadi baada ya adhuhuri, na barabara zetu za namba huku Ngamiani hujaa maji kiasi kwamba hata mwenye baiskeli hushuka akaisukuma. Hizo ndizo siku ninazozitumia kudarizi na kufuma. Kazi hizi hazingoji umeme, hazidai nafasi kubwa, na mtu anaweza kuziweka chini chungu kikimwita jikoni kisha akarudi akazikuta pale pale alipoziacha.

Katika mwongozo huu tutatengeneza jozi ya foronya za pamba nyeupe. Moja itaandikwa Alamsiki na nyingine Binuru, kama watu wa pwani wanavyoagana usiku, mmoja akitamka neno la kwanza na mwenzake akimjibu kwa la pili. Maneno tutayadarizi kwa mkono, kisha mdomo wa kila foronya tutauzungushia ukingo wa kroshia. Nimechagua foronya, na si shuka, kwa sababu shuka la kudarizi lina ukubwa unaomchosha anayeanza, na nimeona mashuka mengi yaliyoishia ua moja kwenye pembe.

Vifaa

Nunua mita mbili za kitambaa cheupe cha pamba tupu chenye upana wa sentimita 150. Epuka kitambaa kilichochanganywa na nailoni, kwani sindano hukwama ndani yake na usiku wa joto hakinyonyi jasho. Utahitaji nyuzi za kudarizi za rangi mbili au tatu, zile ambazo kila uzi umeundwa na nyuzi sita nyembamba. Donge moja dogo la uzi mweupe wa pamba wa kufumia. Sindano ya kroshia ya chuma ya milimita 1.5 hivi, sindano za kudarizi zenye tundu refu, fremu ya duara ya mbao, mkasi mdogo wenye ncha, penseli, na karatasi ya kaboni.

Sindano na skrubu ya fremu hushika kutu haraka katika unyevu huu. Mimi huchomeka sindano zangu kwenye kipande cha kitambaa kizito nilichokitia tone la mafuta ya cherehani, nikakifungia ndani ya kopo, na kila ninapotoa sindano huifuta kwanza kabla haijagusa kazi.

Hatua ya kwanza: osha kila kitu kabla ya kushona

Hatua hii ndiyo wengi huiruka, nami niliwahi kuiruka, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu. Kitambaa cha pamba hurudi kinapooshwa mara ya kwanza, na uzi wa kufumia nao huweza kurudi, lakini haviwi sawa. Ukishona kwanza na kuosha baadaye, kitambaa kitajikunja kuzunguka herufi zako na ukingo wa kroshia utaning'inia kama upindo uliolegea. Loweka kitambaa chote katika maji ya moto kwa usiku mmoja, kifue, kianike, kisha kipige pasi kingali na unyevunyevu. Uzi wa kufumia utoe kwenye donge, uzungushe kama mzingo mkubwa, ufunge mahali pawili patatu usije ukasokotana, uloweke na uukaushe kabla ya kuuviringisha upya.

Nyuzi za rangi zinataka mtihani wake. Kata kipande cha kila rangi, kilowanishe, kilaze kati ya vipande viwili vya kitambaa cheupe, kisha kandamiza kwa pasi ya moto. Rangi ikiacha alama, fua uzi huo katika maji baridi na urudie mtihani hadi kitambaa kibaki cheupe. Ukiona haukomi kutoa rangi, uache. Miaka kadhaa iliyopita nilidarizi shuka la bibi harusi kwa uzi mwekundu niliohakikishiwa dukani kwamba hauchuji. Siku mbili kabla ya harusi nililifua ili kutoa alama za penseli, nikalianika ukumbini kwa sababu nje kulikuwa na mvua, na kwa vile lilichukua muda mrefu kukauka, wekundu ulipata nafasi ya kutambaa taratibu kutoka kwenye kila ua. Asubuhi mawaridi yangu yalikuwa na mawingu ya waridi pembeni. Nililipa kitambaa kipya na sikulala usiku ule. Jua la kiangazi huenda lingekausha shuka lile kabla halijaharibika. Masika hayana huruma hiyo.

Hatua ya pili: kata, na uamue mdomo utakaa upande gani

Kwa mto wa sentimita 50 kwa 75, kata vipande viwili, kila kimoja kikiwa na upana wa sentimita 54 na urefu wa sentimita 160. Kila kipande kitakunjwa katikati ya urefu wake, hivyo utapata uso wa mbele, uso wa nyuma, na sentimita tano za pindo katika kila ncha. Usishone pembeni kwa sasa, kwa sababu ni rahisi zaidi kudarizi kitambaa kikiwa kimetandazwa.

Hapa kuna mtego. Foronya za jozi hulazwa kitandani midomo yake ikitazama nje, mmoja kushoto na mwingine kulia. Kwa hiyo kwenye foronya ya Alamsiki, itakayokaa kushoto, herufi ya kwanza ndiyo iliyo upande wa mdomo, na kwenye ya Binuru ni herufi ya mwisho. Andika kwa penseli neno "mdomo" kwenye pindo la kila kipande kabla ya kuchora chochote, la sivyo utamaliza foronya mbili nzuri ambazo haziwezi kulala pamoja.

Hatua ya tatu: chora maneno

Andika neno kwenye karatasi kwa mwandiko wa kuunganisha, herufi ndogo zikiwa na kimo cha sentimita tatu hivi. Usitafute katikati kwa kuhesabu herufi. Alamsiki lina herufi nane, nne kwa nne, lakini herufi m peke yake inakula nafasi ya i mbili na zaidi; pima urefu wa neno zima kwa rula, ligawe nusu, na uweke alama hapo. Laza karatasi ya kaboni juu ya kitambaa, na juu yake ile yenye neno, sentimita 12 kutoka ukingo wa chini, ili kichwa cha mlalaji kisilalie mshono, kisha fuatisha mwandiko kwa kalamu iliyokwisha wino. Kaboni ya rangi hafifu ni bora kuliko nyeusi. Siku za jua unaweza kunakili kwa kubandika karatasi na kitambaa kwenye kioo cha dirisha, lakini kwa mawingu ya Aprili utaharibu macho bure.

Hatua ya nne: mshono wa mnyororo

Kaa karibu na mlango au dirisha, mwanga ukitokea kushoto kama unashona kwa mkono wa kulia, ili kivuli cha mkono kisianguke juu ya sindano. Nawa mikono kwa sabuni na uikaushe vizuri. Kama umepaka nywele mafuta ya nazi, jifunge kilemba, kwa maana mkono huenda kichwani bila mwenyewe kujua.

Kata uzi wenye urefu wa dhiraa moja, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Ukizidisha hapo, uzi utachakaa kwa kupita kitambaani mara nyingi na utafungamana. Toa nyuzi tatu kati ya sita, ukivuta mmoja mmoja kutokea juu, kisha uziunganishe tena. Ukizivuta zote tatu kwa pamoja zitajisokota chini na kufanya kifundo.

Usianze kwa fundo. Fundo huumiza shavu la mwenye kulala, na likilegea katika kufuliwa, mshono wote hufumuka kutoka mwanzo. Acha mkia wa sentimita tano upande wa nyuma, na ukishamaliza uzi huo, upitishe mkia chini ya mishono yenyewe.

Chomoza sindano pale mstari unapoanzia. Laza uzi kwenye mstari na uushikilie kwa dole gumba la kushoto, irudishe sindano katika tundu lile lile ulilotokea, kisha itokeze milimita tatu mbele, ncha yake ikipita juu ya uzi uliolazwa. Vuta. Kitanzi kitakaa duara kidogo, mfano wa tone la maji. Ukikivuta hadi kikawa mstari umekaza mno, na kitambaa kitaanza kufinyana. Mshono unaofuata huanzia ndani ya kitanzi hicho, karibu na ncha yake. Kwenye mikunjo mikali, kama mgongo wa k au shingo ya r, fupisha mishono hadi milimita mbili. Palipo na pembe, funga kitanzi cha mwisho kwa mshono mdogo unaokikanyaga, kisha uanze mnyororo mpya.

Karibu na neno weka tawi la asumini. Majani na petali ni kitanzi kile kile kimoja cha mnyororo, kila kimoja kikifungwa peke yake: petali tano au sita kuzunguka kituo, majani mawili mawili kwenye kikonyo. Mimi hudarizi petali kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, na huonekana tu mwanga unapopita kiubavu. Binti yangu anasema huko ni kupoteza uzi. Atakayetaka rangi atumie ya maziwa au manjano hafifu.

Kila unapoacha kazi, hata kwa saa moja, toa kitambaa kwenye fremu. Duara la mbao lenye unyevu huacha alama isiyotoka kwa urahisi.

Hatua ya tano: funga foronya

Kunja kipande, shona pande mbili ndefu kwa cherehani au kwa mkono, kisha pinda mdomo sentimita moja na tena sentimita nne. Sina la kuongeza. Fundi yeyote wa barazani atakufanyia kazi hii wakati mvua imepumzika.

Hatua ya sita: ukingo wa kroshia

Kroshia ina heshima yake. Ireland, wakati wa njaa kuu ya viazi iliyoanza mwaka 1845, familia nyingi zilijikimu kwa kufuma lesi kwa sindano yenye ndoano, na hadi leo hakuna mashine inayoifuma kroshia halisi kama mkono unavyoifuma.

Ndoano haiwezi kutoboa kitambaa kilichopindwa, kwa hiyo kwanza tunautengenezea mdomo matundu. Kwa sindano ya kawaida na uzi wa kufumia, shona mshono wa blanketi, yaani ule ambao sindano huchomwa kitambaani na kutokea ukingoni ikipita juu ya uzi wake, kuuzunguka mdomo wote, mshono kwa mshono ukiachana nusu sentimita. Mdomo una mzunguko wa sentimita 100, hivyo unatakiwa kupata vitanzi 200. Hesabu kweli kweli, ukitia pini kila baada ya 20. Ukikuta 198 au 203, rekebisha sasa hivi kwa kubana au kuachanisha vichache vya mwisho, kwa sababu mpango wetu unakwenda kwa nne nne.

Mzunguko wa kwanza: ingiza ndoano katika kitanzi cha blanketi, vuta uzi utokeze, shika uzi tena na uupitishe kwenye vitanzi viwili vilivyo juu ya ndoano. Hilo nitaliita fundo fupi. Shika uzi upitishe mara moja zaidi ili kupata mnyororo mmoja, kisha nenda kitanzi kinachofuata. Fundo fupi, mnyororo mmoja, hadi uzunguke na kuunganisha mwisho na mwanzo. Simama hapo utazame. Mdomo ukijikunja ndani, mkono wako umekaza. Ukipeperuka kama upindo wa gauni, umelegeza. Fumua bila aibu.

Mzunguko wa pili ndio wa makombe, ambayo nimeyaita hivyo kwa kuwa yanafanana na yale yanayookotwa pwani bahari inapokupwa. Kila kombe lina nguzo tano. Ili kufuma nguzo, zungusha uzi mara moja juu ya ndoano, ingiza ndoano katika nafasi ya mnyororo, vuta uzi. Sasa una vitanzi vitatu. Pitisha uzi kwenye viwili, kisha kwenye viwili vilivyobaki. Mpango wenyewe ni huu: fundo fupi katika nafasi ya kwanza, ruka moja, nguzo tano zote katika nafasi inayofuata, ruka moja, kisha rudia. Ukifika mwisho utakuwa na makombe 50, kila moja likiwa na upana wa sentimita mbili. Mkia wa uzi ufiche ndani ya makombe kwa sindano, ukienda mbele na kurudi.

Hatua ya saba: kumalizia

Fua foronya kwa sabuni ya kawaida ili kutoa alama za penseli na kaboni. Ukitaka makombe yasimame, pika kijiko kimoja cha wanga wa muhogo katika nusu lita ya maji hadi yawe maangavu, yaache yapoe, na uchovye ukingo peke yake. Wako wanaotumia maji ya sukari. Nilijaribu mara moja, na usiku sisimizi walipanga mstari kutoka dirishani hadi kwenye mto.

Tandaza foronya juu ya taulo, vuta kila kombe kwa kidole lipate umbo lake, na uanike ukumbini penye upepo, mbali na moshi wa jikoni. Ipige pasi ikiwa imegeuzwa nje ndani, juu ya taulo lililokunjwa, ili maandishi yasibonyee. Kwa pasi ya mkaa, futa kitako chake kwanza kwenye kitambaa kikuukuu. Usiitie sandukuni hadi uishike shavuni na kuhakikisha haina ubaridi wowote, kwa kuwa kuvu wa masika huacha vidoa vyeusi ambavyo sijapata dawa yake. Ikikauka kabisa, ifukize udi, ikunje na kuiweka maandishi yakiwa juu.