Kuchagua Lenzi na Vifaa vya Kamera kwa Kazi ya Harusi

Mpiga picha anayetaka kuikuza kazi yake ya harusi huwa na hamu ya kununua bodi mpya ya kamera, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ilhali fedha hiyo hiyo ikiwekwa kwenye lenzi nzuri humfaa kwa muda mrefu zaidi. Bodi hupitwa na wakati baada ya miaka michache, lakini lenzi iliyotunzwa huendelea kufanya kazi hata mwenyewe akishabadilisha kamera mara kadhaa. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, orodhesha mahali unapopigia picha na mwanga unaoukuta huko: ndoa ya asubuhi msikitini au kanisani, picha za maharusi ufukweni alasiri, kisha sherehe ya usiku ukumbini chini ya taa za rangi. Ukumbi wa usiku ndio unaopaswa kuamua lenzi ya kwanza, kwa sababu hapo ndipo kamera inapoelemewa.

Hakikisha kwanza kwamba lenzi inaingia kwenye kamera yako. Canon ilitumia kiungio (sehemu lenzi inapofungwa kwenye kamera) cha EF tangu mwaka 1987, na mwaka 2018 ikaleta RF kwa ajili ya kamera zisizo na kioo ndani (mirrorless). Lenzi ya EF hufungwa kwenye kamera ya RF kwa adapta na fokasi yake ikafanya kazi kama kawaida, lakini lenzi ya RF haiwezi kutumika kwenye kamera ya EF. Kwa upande wa Nikon, adapta ya FTZ huunganisha lenzi za kiungio cha F na kamera zake za Z zisizo na kioo, ila lenzi za AF-D, ambazo hutegemea mota iliyo ndani ya kamera, hapo hufokasiwa kwa mkono tu. Uliza jambo hili kabla ya kulipa, maana lenzi hizo huuzwa kwa bei nafuu na kumvutia mtu asiyejua sababu yake.

Angalia pia ukubwa wa kihisi, yaani sehemu ya ndani ya kamera inayopokea mwanga na kuunda picha. Kwenye kihisi kamili cha milimita 36 kwa 24, lenzi ya milimita 50 (namba hii ikiwa kubwa, picha hubana zaidi) huonyesha eneo linalokaribiana na mtazamo wa kawaida. Kwenye kihisi kidogo cha Canon, lenzi hiyo hiyo hubana picha kana kwamba ni ya milimita 80, na ndani ya sebule ya bibi harusi iliyojaa mashangazi utajikuta umegota ukutani bila kuwapata wote.

Namba inayoanza na herufi f hueleza ukubwa wa tundu linaloingiza mwanga, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo tundu linavyokuwa kubwa. Lenzi ya milimita 18–55 inayouzwa pamoja na kamera nyingi huishia f/5.6 ukivuta hadi mwisho, kiwango ambacho ni robo tu ya mwanga unaopita katika f/2.8. Tofauti hiyo ndiyo inayokulazimisha kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, kutoka 1600 hadi 6400, na nyuso zikatoka na chenga. Ndiyo maana ninapendekeza 24–70 ya f/2.8 iwe lenzi kuu ya harusi, hata kama utalazimika kuinunua ikiwa imetumika. Asiyeimudu aanze na milimita 50 ya f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa katika kampuni nyingi na huvumilia giza vizuri. Akumbuke tu kwamba kwa f/1.8 jicho linaweza kutoka kali na sikio likafifia. Familia iliyopangwa safu tatu inahitaji f/5.6 au f/8. Lenzi ya 70–200 inafaa kanisani, ambako mara nyingi huruhusiwi kusogelea madhabahu, nayo inaweza kukodishwa hadi kazi zitakapoongezeka.

Lenzi iliyotumika ikaguliwe kwa subira. Washa tochi ya simu, imulike kutoka upande mmoja huku ukitazama kutoka upande wa pili: nyuzi nyembamba zilizotawanyika kama mizizi ni kuvu, na kuvu huweza kula rangi ya kinga iliyopakwa kwenye kioo, hivyo hata baada ya kusafishwa alama hubaki. Vumbi kidogo halina madhara. Zungusha pete zote, usikilize kama kuna mkwaruzo. Kisha piga picha ya gazeti lililobandikwa ukutani tundu likiwa wazi kabisa, ukalinganishe herufi za pembe zote nne. Pembe moja ikiwa na ukungu kuliko nyingine, ingawa gazeti liko sambamba na kamera, yamkini lenzi hiyo iliwahi kuanguka.

Katika vifaa vingine, flashi ndiyo ya kwanza, na ichaguliwe yenye kichwa kinachogeuka, ili mwanga uelekezwe kwenye dari nyeupe na kurudi ukiwa laini usoni. Kadi za kumbukumbu zinunuliwe kwa muuzaji anayeaminika, kisha zijazwe mafaili hadi mwisho na kusomwa upya kabla ya kupelekwa kazini, kwani kadi bandia hujitangazia nafasi isiyo nayo. Kadi yenye alama ya V30 huandika angalau megabaiti 30 kwa sekunde, nayo inatosha kwa video nyingi za ubora wa juu wa 4K. Betri za akiba, ukisafiri kwa ndege, zibebwe kwenye mzigo wa mkononi. Kofia ya lenzi usiiache, kwani huzuia jua la pembeni na hupokea pigo la kwanza kamera ikigonga kitu.

Kwa wanaoishi Mombasa, Tanga, Zanzibar na kwingineko pwani, sanduku la plastiki lisilopitisha hewa, lenye pakiti za silika za kufyonza unyevu na kipimo kidogo cha unyevu, ni la lazima. Unyevu ukae kati ya asilimia 40 na 50. Baada ya kupiga picha ufukweni, pangusa bodi na lenzi kwa kitambaa chenye unyevunyevu kidogo ili kuondoa chumvi, uache vikauke kabisa, ndipo uvifungie sandukuni.