Kuunga kilegesambwa kilichokatika vipande viwili: pini mbili na waya

Madogo mnaoanza kuzunguka wodi ya mifupa mmeniuliza hii sana, acha niandike mara moja. Naongelea kilegesambwa, yaani kile kifupa cha mbele ya goti, kilichokatika kwa kukingama, ile ya mtu wa bodaboda aliyepiga goti kwenye lami.

Kabla ya kukimbilia thieta mwambie mgonjwa anyanyue mguu ukiwa umenyooka. Akiweza, na eksirei ya ubavuni inaonyesha pengo halizidi milimita 2 au 3, funga hogo (plasta ngumu ya mguu), usimpasue mtu bure. Akishindwa kazi ipo, maana hapo hata utando wa pembeni ya kilegesambwa, unaosaidia kunyoosha goti, ushachanika.

Ganzi ya mgongo, tonikwiti (mkanda wa kuzuia damu) pajani, chana wima katikati. Osha damu yote iliyoganda, halafu bana vipande kwa koleo la mfupa. Sasa hapa ndo watu wanaharibu, kwa mbele panaonekana safi kama hapajawahi kukatika, mtu anafurahi anashika drili. Ngoja kwanza bana! Pitisha kidole kwenye ule mchaniko wa utando upapase upande wa gegedu, ule wa nyuma unaoteleza ndani ya goti, kucha ikikwama tu, fungua uanze upya.

Drili pini mbili sambamba, za milimita 1.6 au 2. Waya wa geji 18 upite nyuma ya ncha za pini ukigusa mfupa kabisa, halafu kwa mbele uukatize kama namba 8, kaza kwa kusokota. Lazima ukae mbele, maana goti likikunjwa ule mvuto wa misuli ya paja unaotaka kufungua vipande unageuka kuvibana kule kwenye gegedu. Ukiacha nyama kati ya waya na mfupa, waya utaikata taratibu na wenyewe utalegea.

Ncha za juu kunja, geuza, zamisha. Mimi nikiwa bado najifunza niliacha moja ndefu, mama wa watu akarudi wiki ya sita pini imetuna chini ya ngozi, hawezi hata kusujudu. Mpaka leo siondoki mezani bila kupapasa.

Shona utando pande zote mbili, usisahau huu maana ni nusu ya kazi, kunja goti taratibu hadi nyuzi 90 uone kama vipande vinaachana, ndo ufunge ngozi. Kesho yake fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) amsimamishe, akanyage mguu ukiwa umenyooka kwenye splinti. Na mwambie mapema kwamba waya ukija kumsumbua utatolewa, asije akadhani ulikosea.