Somo: "Inch along", Kiingereza cha foleni

Jana jioni, Buguruni. Dereva wa daladala anaachia breki, gari linasogea hatua mbili, breki tena. Ukisema "The bus is moving slowly" hujakosea, ila ile sogea-simama haimo. Kitenzi chake ni "inch along".

Hatua ya 1. Anza na inchi, ile ile ya fundi seremala, sentimita 2.54. Waingereza wameigeuza kitenzi: kusogea inchi kwa inchi. "Along" inaleta wazo la kuendelea na njia. "The traffic is inching along": foleni inasogea kidogo kidogo.

Hatua ya 2. Wakati uliopita ni "inched". Silabi moja tu, mwisho sauti ya t. Si "inchedi", tafadhali.

Hatua ya 3. Hapa ndipo wengi huteleza. "She inched along the wall" maana yake alisogea polepole akiambaa ukuta. "Along" hapo ni kihusishi, imeshikana na "the wall". Kwenye "The queue inched along" haikufuatwa na nomino yoyote, na sentensi imekamilika. Kama unaweza kutia neno "kuambaa" kwenye tafsiri, uko kwenye kundi la kwanza.

Hatua ya 4. Si magari tu. Kesi, ujenzi, mazungumzo, vyote hu-"inch along" vinapojikokota.

Maswali ya wanachama

— Mwalimu, tofauti yake na "crawl along"?
"Crawl" ni kutambaa: mwendo mdogo lakini unaendelea. "Inch" ni vipande vipande. Kwenye foleni, wenyewe wanatumia yote mawili.

— Naweza kusema "I inched along to school"?
Kama mguu ulikuwa unauma au njia ina utelezi, sawa. Kama ulichelewa kuamka, dada, tafuta neno lingine.

— Na bei ya unga?
Bei hupanda, kwa hiyo "inch up". Ikishuka kidogo kidogo, "inch down", ingawa hiyo utaitumia mara chache.

— Huku Nairobi twasema jam haisongi. "The jam is inching along" iko sawa?
Sema "traffic". Jam ni kule kukwama kwenyewe. Kinachosogea ni magari.