Kutambua maua ya porini Wanale: rangi iandike mwisho

Sisi tuko karibu na ikweta, kwa hiyo maua yetu hayangoji joto, yanangoja mvua. Hapa Mbale, Uganda, mimi hupanda mlima Wanale wiki mbili tatu baada ya mvua za Machi kushika. Beba daftari, rula na kioo cha kukuzia. Simu inatosha kwa picha.

Hatua ya 1. Fika asubuhi mapema. Commelina, yale maua ya buluu ya kando ya njia, jua likishapanda hunyauka.

Hatua ya 2. Anza na shina. Mwaka wangu wa kwanza nilijaza daftari "ua la njano, ua la njano", na mpaka leo sijui hata moja lilikuwa lipi. Sasa naliviringisha shina kwanza kati ya vidole. Ukihisi pembe nne, na majani yametoka mawili mawili yakitazamana, fikiria ukoo wa mnanaa. Leonotis nepetifolia ni wa huko: mipira ya miiba iliyotungwa kama mshikaki, maua ya rangi ya chungwa yakichomoza pande zote, na chozi wakigombania asali.

Hatua ya 3. Tazama kikonyo cha jani. Mtambaazi wenye ua la chungwa na kitovu cheusi huwa ni Thunbergia alata, na kikonyo chake kina mabawa membamba. "Alata" ni Kilatini, maana yake yenye mabawa.

Hatua ya 4. Hesabu petali, ila usidanganywe na kishona nguo. Pasua kitovu chake kwa ukucha: ni vijiua vingi vilivyobanana.

Hatua ya 5. Piga picha mmea mzima, jani pande zote mbili, ua kwa mbele na kwa ubavu, rula ikionekana. iNaturalist, programu ya simu ya kutambua viumbe kwa picha, ukiipa petali tupu itakubahatishia tu.

Hatua ya 6. Usichume. Gloriosa superba, yenye petali zilizopinda juu kama ndimi za moto, ni sumu kuanzia ua hadi kiazi.

Commelina benghalensis pekee ndiyo nakuruhusu kung'oa, tena shambani kwako wakati wa palizi. Itambue kwa vinywele vyekundu pale jani linapokumbatia shina. Kung'uta udongo taratibu, uangalie chini: kuna maua mengine madogo huko, hayafunguki kamwe, na yanazaa mbegu gizani.