Kabla hujanunua randa

Kigoda changu cha kwanza nilikitengeneza mwezi wa pili, mvua zikiwa zimepamba moto hapa Tabora, kwa mbao ya mninga niliyoinunua asubuhi na kuikata mchana. Kilisimama vizuri, nikawaita watu waje kukikalia. Kufika Agosti, miguu miwili ilikuwa inacheza kwenye matundu yake kama jino la mtoto wa miaka sita. Nikakipeleka kwa fundi mmoja wa Isevya. Hata kukigusa hakukigusa. "Mwalimu," akasema, "umetengeneza kiti cha maji."

Kwa hiyo kama unataka useremala wa kujifurahisha jioni na wikiendi, anza na mbao kabla ya vifaa. Mvua zetu huanza karibu na Novemba na kwisha Aprili, halafu tunakaa miezi mingi bila tone. Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuutema, na inapokauka husinyaa upana. Urefu haubadiliki kwa kiasi cha kukusumbua. Mninga ni katika miti isiyosinyaa sana, na ndiyo sababu mojawapo mafundi wanaupenda, lakini mninga mbichi ni mbichi tu. Nunua mapema. Ipange kivulini, vijiti katikati ya mbao na mbao hewa ipite, na upake ncha zake rangi, kwa sababu ncha ndizo hukauka haraka na kupasuka. Ukianika juani umejitafutia kuni.

Itakauka lini? Mafundi wa zamani huhesabu mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Kwa joto letu mara nyingi huwa pungufu ya hapo. Mimi sikisii tena. Nachukua kipande kimoja, nakipima kwenye mizani kila Jumamosi na kuandika nyuma ya mlango wa stoo. Uzito ukigoma kushuka wiki tatu mfululizo, naanza kazi. Sina mizani, nilikuwa napima kwa muuza maharage wa jirani. Wiki ya nne akaacha kuniuliza.

Mninga pia una sheria zake. Miti ya asili huvunwa na kusafirishwa kwa vibali, na wanaosimamia ni Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Mbao ya bei ya kutupa inayoletwa kwa baiskeli saa nne usiku iache ipite. Nunua dukani, dai risiti. Kwa mazoezi mbao ya paini inatosha: laini, nafuu, na ukiiharibu huumii sana.

Vifaa ni vichache kuliko unavyodhani: msumeno wa mkono, randa, patasi mbili, nyundo, tepu, skwea (ya kupimia pembe mraba) na jiriwa (ya kubania mbao). Mashine subiri. Skwea ipime hukohuko dukani: iegemeze kwenye ukingo ulionyooka, chora mstari, igeuze upande wa pili, chora tena palepale. Mistari ikiachana, irudishe kwenye rafu.

Ila pesa uliyobakiza iende kwenye kunoa. Patasi mpya ya dukani haijanolewa, imechongwa tu umbo. Bandika msasa wa maji kwenye kipande cha kioo, anza na namba 400, nenda 800, kisha 1000 na zaidi, ukishikilia mteremko wa nyuzi 25 hivi bila kuyumba. Mgongo wa patasi nao uwe bapa kabisa karibu na makali. Utachoka vidole na utadhani nimekudanganya. Kisha kata ncha ya paini: patasi butu huzichana nyuzi za mbao na kuacha manyoya, kali huacha uso laini unaong'aa. Ukishaiona tofauti hiyo hutarudi nyuma. Na patasi butu ndiyo inayokata watu, kwa sababu unaisukuma kwa hasira.

Fanyia kazi nje, chini ya mwembe ikiwezekana. Vumbi la mninga huwawasha baadhi ya watu ngozi na pua, na wapo wanaobanwa kifua. Mwenye pumu ndani ya nyumba aulizwe kwanza. Barakoa na miwani havina mjadala.

Kumalizia, tumia neema ya mkoa huu: nta ya nyuki. Iyeyushe kwenye sufuria iliyokaa ndani ya maji ya moto, si juu ya moto wenyewe, changanya na mafuta ya kitani, paka, futa. Kitambaa chenye mafuta hayo usikikunje ukakitupa pembeni. Kinaweza kupata joto chenyewe hadi kuwaka. Kitandaze kikauke. Changu hukitandaza kwenye kamba ya nguo, karibu na kanga za mke wangu, na suala hilo bado tunalijadili.