Somo: Kusoma kasoro za mihuri kwenye reale nane za makoloni ya Hispania

Somo hili linahusu reale nane, yaani sarafu za fedha zenye thamani ya reale nane kila moja, zilizogongwa Meksiko, Lima, Potosí na kwingineko kati ya 1772 na 1825, zenye kichwa cha mfalme upande mmoja na nguzo mbili upande wa pili. Wazee wa pwani yetu waliziona nguzo hizo kama mizinga, wakaiita sarafu hiyo reale ya mzinga. Andaa mizani, lenzi na taa unayoweza kuisogeza.

Anza kwa kupima. Sarafu ilitoka kiwandani ikiwa na gramu 27 hivi. Iliyolika hupungua kidogo, lakini yenye nywele za mfalme zote bado kali na uzito wa gramu 24 ni ya kutiliwa shaka. Kisha izungushe ukingo, ambako duara na mistatili hupokezana. Nakshi hiyo ilitiwa kwa vyuma viwili, kila kimoja nusu ya mzingo, kwa hiyo mahali pawili panapokabiliana nakshi hupandana au huachana kidogo.

Soma maandishi pia. Mfalme Carlos III alifariki Desemba 1788, na kwa kuwa mihuri, yaani vyuma vya kugongea sarafu, yenye sura ya mwanawe ilikuwa haijafika, Meksiko iligonga jina la Carlos IV juu ya sura ya baba yake mwaka 1789 na 1790. Huo ni ushahidi wa umbali wa bahari, wala si kosa.

Sasa laza taa karibu usawa wa meza, kwa maana hapa ndipo penye kiini cha somo. Muhuri ni chuma kilichochongwa kinyume: kikipasuka, fedha huingia kwenye ufa, na sarafu hutoka na mstari ulioinuka. Mkwaruzo uliopatikana sokoni, pamoja na alama za wafanyabiashara wa Uchina, huwa umezama. Muhuri uliochoka huacha michirizi myembamba inayokimbilia ukingoni, na herufi huonekana kama zimevimba. Tarakimu zilipigwa moja moja kwenye muhuri, ndiyo maana mwaka wa zamani wakati mwingine huchungulia chini ya mpya.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, yangu ina mstari unaopita juu ya herufi mbili hadi ukingoni. Nimeuziwa iliyokwaruzwa?*

Pitisha taa upande mmoja, kisha upande wa pili. Kivuli kikianguka nje ya mstari, umeinuka, nao ni ufa wa muhuri. Tafuta picha za sarafu nyingine ya mwaka huo: ufa uleule ukiwapo, zimetoka kwenye muhuri mmoja.

*Ndugu mwalimu, yangu ya 1812 kutoka Chihuahua, kaskazini mwa Meksiko, ina vitundu vya kumiminwa. Si bandia?*

Swali zuri. Wakati wa vita vya uhuru vya Meksiko, Chihuahua ilimimina reale zake kwenye kalibu zilizofanyizwa kwa sarafu za Jiji la Meksiko, kisha ikazitia alama za kuthibitisha. Kwa hizo vitundu ni vya asili, na alama ndizo za kuchunguzwa. Kwa sarafu iliyopaswa kugongwa, vitundu hivyohivyo vinatosha kuikataa.

*Je, niisugue kwanza ili nione vizuri?*

Hapana. Ile michirizi ya muhuri uliochoka ni myembamba mno. Kitambaa chenye majivu huifuta, na hutaweza tena kujua kama wororo wa sura ulitoka kiwandani au mkononi mwako.